Kula Si Kukua: Mwongozo Kamili wa Kufuatilia Viwavi wa Nondo Kwenye Mimea ya Kigeni

Ukikuta kiwavi juu ya jani la mmea uliotoka bara jingine, na jani lenyewe limetobolewa kotekote, unaona kama jambo limekwisha: amepata chakula kipya. Mimi niliamini hivyo hadi nilipofuga kundi langu la kwanza. Viwavi 12 walikula majani ya kichaka cha kigeni kwa siku tisa, kinyesi kikadondoka kila siku, nami nikaandika daftarini kwamba mmea umekubalika. Siku ya kumi wakaanza kusinyaa, mmoja baada ya mwingine. Hakuna hata mmoja aliyefikia kuwa pupa, yaani ile hatua ya kutulia kati ya kiwavi na nondo. Nilikuwa nimepima ulaji, na kumbe ulaji haukuwa swali.

Swali ni kama nondo anaweza kumaliza maisha yake yote kwa mmea huo, kuanzia yai hadi jike anayetaga mayai yanayoanguliwa. Mwongozo huu unafuata njia hiyo mwanzo hadi mwisho. Unahitaji vikopo vyenye vifuniko, brashi laini ya rangi, karatasi za tishu, rula au kioo cha kukuzia, mizani inayosoma miligramu kama unaweza kuipata, daftari, na wiki kadhaa za kuamka mapema.

Kwanza, fahamu kinachotokea

Mmea huwa mgeni kwa nondo pale ambapo mababu wa nondo huyo hawakuwahi kuishi nao. Kila jani lina silaha zake: tanini, alkaloidi, mafuta yenye harufu kali, utomvu unaogandisha mdomo, au ugumu tu wa jani lenyewe. Kiwavi ambaye ukoo wake umekula mmea fulani kwa vizazi visivyohesabika ana vimeng'enya tumboni vya kuvunja sumu za mmea ule. Mpe mmea mwingine, na vimeng'enya hivyo huenda visifae kitu.

Ndiyo maana jambo la kwanza la kuuliza ni undugu wa mimea. Nchini Brazili yuko nondo aitwaye Thyrinteina arnobia, ambaye viwavi wake hula mipera na miti mingine ya jamaa hiyo. Mikaratusi ilipoletwa kutoka Australia na kupandwa kwa wingi, nondo huyu aliihamia, na leo ni msumbufu mkubwa kwenye mashamba ya mikaratusi. Mpera na mkaratusi ni wa familia moja, Myrtaceae, kwa hiyo mgeni hakuwa mgeni kabisa. Vivyo hivyo nondo wa fuvu, Acherontia atropos, mwenye alama kama fuvu la binadamu mgongoni: anakulia vizuri kwenye majani ya kiazi, mmea uliotoka Amerika Kusini, kwa kuwa familia ya kiazi ilikuwa tayari miongoni mwa vyakula vyake.

Lakini undugu hautoi jibu peke yake. Kusini mwa Afrika hakuna msonobari wa asili wa jenasi Pinus, na hata hivyo Imbrasia cytherea, nondo mkubwa wa huko, alihamia misonobari iliyopandwa na akawa mharibifu wake. Kwa upande mwingine, kiwavi wa hariri, Bombyx mori, amefugwa na binadamu kwa maelfu ya miaka na bado anashikilia mforosadi.

Kuna jambo lingine ambalo watu hulisahau: kiwavi aliyetoka tu kwenye yai mara nyingi hachagui mmea. Mama yake ndiye aliyechagua, kwa harufu na kwa kuonja jani kwa miguu, na mama hukosea. Mfano unaojulikana sana ni wa kipepeo, si nondo, ila mtego ni uleule. Pieris virginiensis wa Amerika Kaskazini hutaga kwenye Alliaria petiolata, mmea uliotoka Ulaya, kwa kuwa kemikali zake zinafanana na za mimea ya asili ambayo watoto wake hula. Watoto wanaangukia jani hilo na kufa. Kwa hiyo mayai juu ya jani, kama yalivyo matundu, hayathibitishi lolote.

Hatua ya 1: Mjue nondo wako, na uijue sheria

Tambua spishi ya nondo na ya mmea kabla ya kuanza. Ukishindwa, piga picha nzuri za nondo mzima, kiwavi na jani, na uhifadhi vielelezo ili mtaalamu avitambue baadaye. Jaribio kwenye mmea usiojulikana halina thamani kwa mtu mwingine.

Usisafirishe mayai wala viwavi kuvuka mpaka wa nchi. Nchi nyingi hudai kibali kwa jambo hilo, na zina sababu nzuri. Fuga nondo wanaopatikana tayari mahali ulipo.

Kiwavi mwenye nywele au miiba usimshike kwa mkono mtupu. Wengi huwasha tu, lakini Lonomia obliqua wa Amerika Kusini ana sumu inayovuruga kuganda kwa damu, na imewahi kuua watu. Tumia brashi kwa viwavi wote, hata wasio na madhara. Mikono yetu huwaumiza.

Hatua ya 2: Anza na mayai, tena ya mama mmoja

Usianze na viwavi uliowaokota, kwa sababu mbili. Huenda wameshatagiwa mayai ya nyigu wadogo wa kimelea, nao watakufa hata ukiwapa chakula bora. Na ya pili, ambayo ni nzito zaidi, ni kwamba kiwavi hujifunza chakula chake. Manduca sexta, kiwavi wa tumbaku na nyanya, akikulia kwenye majani ya familia hiyo hujifunga nayo kiasi cha kukataa mimea mingine, ilhali ndugu yake aliyelelewa kwa chakula cha kutengenezwa hula vitu vingi bila kubagua. Watafiti walikifuatilia kiungo kinachofanya kazi hiyo wakakipata: ni kemikali iliyomo kwenye jani, iitwayo indioside D. Ukimwokota kiwavi kama huyo na kumpa mmea mgeni akaukataa, hutajua kama mmea ni mbaya au ni mazoea yake tu.

Kwa hiyo mkamate jike aliyevutwa na taa usiku, umweke kwenye mfuko wa karatasi au boksi lenye karatasi ndani. Majike wengi waliokwisha kupandwa hutaga humohumo usiku mmoja au miwili. Spishi nyingine hazitagi bila kunusa mmea wake. Weka kitawi cha mmea wa asili. Kata karatasi kuzunguka mayai, usiyabandue.

Mayai ya mama mmoja yagawe kwa makundi yote sawasawa. Ukiwa na akina mama watatu, kila mmoja awe na watoto katika kila kundi, na uandike nani ni mtoto wa nani. Watoto wa mama mmoja hufanana kwa mambo mengi, na usipoangalia utafikiri ni mmea kumbe ni ukoo.

Hatua ya 3: Makundi matatu

Watu huweka kundi moja kwenye mmea mgeni na kusubiri. Hilo ndilo kosa nililolifanya. Unahitaji kundi kwenye mmea wa asili wa nondo huyo, ili ujue ukuaji wa kawaida unavyoonekana nyumbani kwako, kwa joto lako na mikono yako. Kundi la pili ni la mmea mgeni. La tatu ni la njaa: vikopo vyenye tishu yenye unyevu kidogo, bila jani.

Kundi la njaa linasikitisha, najua. Liwe dogo, viwavi 10 wanatosha. Lakini ndilo linalokuambia maana ya vifo. Viwavi wa mmea mgeni wakifa siku ileile wanayokufa wenye njaa, basi hawakula. Wakifa mapema zaidi, jani lina sumu. Wakiishi siku kadhaa zaidi kisha wakafa, walikula lakini jani halikuwatosha, na hapo ndipo palikuwa na viwavi wangu 12.

Kwa makundi mawili ya majani, viwavi 30 kwa kila kundi ni idadi inayokupa jambo la kuamini. Kila kikopo kiwe na kiwavi mmoja kama spishi huishi mpweke. Spishi zinazoishi kwa makundi ziache pamoja wakiwa wachanga, kwani wakitenganishwa hudhoofu. Vikopo vyote vikae mahali pamoja, kwa sababu joto huharakisha ukuaji kuliko unavyodhani. Rafu ya juu na ya chini hutofautiana. Badilisha nafasi zao kila siku.

Hatua ya 4: Siku tatu za mwanzo

Hapa ndipo habari nyingi ilipo, na ndipo wengi hawaangalii kwa kuwa mnyama ni mdogo kama uzi uliokatwa. Chukua kioo cha kukuzia.

Kiwavi akitoka, mara nyingi hula ganda la yai lake kwanza. Usimhamishe kabla hajamaliza. Kisha mnyanyue kwa ncha ya brashi na kumweka upande wa chini wa jani. Sasa mtazame kwa nusu saa. Kwenye mmea unaomfaa hutembea kidogo, huinamisha kichwa na kugusa jani kwa sehemu za mdomo, huuma, hutulia, kisha huuma tena palepale. Jani laanza kuonyesha dirisha dogo: tabaka la chini limekwanguliwa, la juu limebaki wazi kama kioo. Mlio hausikiki, lakini kichwa kinaonekana kikienda juu na chini kwa mwendo mmoja, kama mtu anayepiga randa.

Kwenye mmea usiomfaa kuna namna tatu nimeziona. Wengine hawaumi kabisa: wanazunguka, wanapanda ukutani mwa kikopo, wanaachia uzi na kuning'inia wakitafuta upepo wa kuwabeba. Wengine huuma mara moja, hurudisha kichwa nyuma, husafisha mdomo kwenye jani, na kwenda kuuma kwingine. Jani lao lina vidoa vingi visivyoendelea. Wengine hula vizuri tu. Hao wa mwisho ndio wanaohitaji mwongozo huu uliobaki.

Kabla hujaandika kwamba mmea umekataliwa, jaribu jani changa la mmea uleule. Meno ya kiwavi mchanga hayawezi kukata jani gumu lililokomaa, na jani changa aghalabu lina maji na nitrojeni zaidi. Kwa mimea fulani ni kinyume, sumu imejaa kwenye machipukizi. Andika kila mara umri wa jani ulilotoa.

Hatua ya 5: Utunzaji wa kila siku

Badilisha jani kila siku, ondoa kinyesi, futa ukungu. Jani lililokatwa hubadilika ndani ya saa chache, kwa hiyo kwa viwavi wakubwa tumia tawi lililotiwa kwenye chupa ya maji, mdomo wa chupa umezibwa kwa pamba. Pamba hiyo ni lazima. Nimepoteza viwavi wanne usiku mmoja kwa kuwa waliteremka shinani wakazama.

Usimtoe kiwavi kwenye jani kwa nguvu. Kata kipande cha jani alichoshika na ukiweke juu ya jani jipya. Na usibadilishe mmea katikati ya safari kwa huruma. Kiwavi aliyelishwa mimea miwili hawezi tena kukuambia habari ya mmoja.

Hatua ya 6: Kupima

Kiwavi hukua kwa kujivua ngozi, na kila kipindi kati ya kujivua kumoja na kingine nitakiita rika. Spishi nyingi hupitia marika matano kabla ya kuwa pupa. Mwili huvimba siku hadi siku, lakini kichwa ni kigumu na hakiongezeki hadi ngozi itoke. Mwaka 1890 Mmarekani Harrison Dyar alionyesha kwamba upana wa kichwa huongezeka kwa kiwango kinachokaribia kuwa kilekile kila rika, mara 1.4 hivi. Kichwa cha milimita 0.5 kitakuwa 0.7, kisha karibu 1.0, kisha 1.4.

Faida yake ni kubwa. Kiwavi akitaka kujivua huacha kula kwa siku nzima au zaidi, hukaa kimya ameshika kitanda chembamba cha hariri, na nyuma ya kichwa cha zamani huonekana kichwa kipya kilichofifia, kama kola iliyofura. Usimguse hapo. Baadaye utakuta ngozi imekunjamana nyuma yake, na kichwa cha zamani kimedondoka kama kofia ndogo tupu. Kiokote, kitie kwenye bahasha yenye namba ya kiwavi na tarehe, upime ukipata nafasi. Mwishoni utakuwa na historia ya kila kiwavi bila kumsumbua.

Kwenye chakula duni, viwavi wa spishi nyingi huchelewa, na baadhi huongeza rika moja au mawili kabla ya kufikia ukubwa wa kuwa pupa. Angalia jinsia kabla ya kuulaumu mmea: kwa nondo aitwaye Lymantria dispar, dume huwa na marika matano na jike sita hata kwenye chakula kizuri.

Ukiwa na mizani, pima pia ni kiasi gani cha jani kinageuka kuwa mwili. Tuseme umetoa jani la miligramu 800. Jani kama hilo lililowekwa kwenye kikopo kisicho na kiwavi limepoteza asilimia 5 kwa kukauka, kwa hiyo lako lingebaki 760. Kesho yake mabaki ni 300. Kiwavi amekula 460, na uzito wake umeongezeka 69. Gawanya 69 kwa 460: asilimia 15. Watafiti hutumia uzito mkavu, kwa utaratibu uliopangwa na mtaalamu wa wadudu Waldbauer mwaka 1968, kwa kuwa majani hutofautiana maji. Ukiweza kukausha mabaki na majani ya mfano, fanya hivyo.

Kipimo hiki ndicho kilichonifungua macho. Kiwavi aliyepewa jani lenye lishe hafifu anaweza kula zaidi ili kufidia. Kinyesi kinajaa kikopo, jani linaisha haraka, na mwili hauongezeki. Yaani ulaji mwingi unaweza kuwa dalili ya chakula kibaya.

Hatua ya 7: Kusoma vifo

Kiwavi aliyelegea, akageuka mweusi na kuning'inia huku mwili ukivuja majimaji, kwa kawaida ameuawa na virusi. Toa kikopo hicho, safisha vingine kwa dawa ya klorini iliyochanganywa na maji, nawa mikono, badilisha brashi. Vifuko vidogo vyeupe vikitokeza mwilini ni nyigu wa kimelea. Vifo hivyo viandike kando, visihesabiwe kuwa kosa la mmea. Ila kama kundi la mmea mgeni linaugua kuliko la mmea wa asili kwa usafi uleule, hilo nalo ni habari: mwili uliodhoofika kwa chakula hushambuliwa kirahisi.

Hatua ya 8: Pupa

Soma tabia ya spishi mapema. Nondo wengine husuka kifukofuko kati ya majani, wengine huchimba. Hao watie udongo laini wenye unyevu kidogo, kina cha sentimita 8 hadi 10. Kiwavi aliyekomaa huzunguka sana na rangi yake hubadilika. Usifikiri amekataa chakula.

Mpime pupa siku ya tatu au ya nne, ngozi ikishakuwa ngumu. Linganisha jike na jike, dume na dume, kwa kuwa majike kwa kawaida ni wazito zaidi. Uzito wa pupa jike hueleza mengi kuhusu idadi ya mayai atakayotaga, hasa kwa nondo wa familia ya Saturniidae, ambao wakiwa wazima hawali kabisa: kila yai limejengwa kwa majani yaliyoliwa utotoni.

Pupa asiyefunguka si lazima awe amekufa. Spishi nyingi hulala msimu mzima. Akiwa mzito na akicheza tumbo ukimgusa, msubiri.

Hatua ya 9: Kizazi cha pili

Chunguza mabawa, maana chakula duni huweza kutoa nondo aliyekunjamana asiyeweza kuruka. Weka majike na madume wa kundi moja kwenye neti usiku, ukichanganya watoto wa akina mama tofauti. Spishi zinazokula zipe pamba yenye maji ya sukari. Hesabu mayai, kisha hesabu yaliyoanguliwa. Yai lililorutubishwa kwa kawaida hubadilika rangi kadiri kiwavi anavyojijenga ndani. Lisilorutubishwa hubonyea na kukauka.

Hapo sasa unaweza kuandika. Kama kati ya viwavi 30 wamefika nondo 24 kwenye mmea wa asili na 20 kwenye mmea mgeni, na majike wao wanataga karibu sawa, mmea mgeni ni chakula kamili. Kama wamefika 6, wamechelewa wiki mbili na pupa ni wepesi, mmea unawaweka hai bila kuwaendeleza. Porini kila siku ya ziada ni siku ya kuonekana na ndege na nyigu. Kama hakuna aliyefika, andika walikufa rika gani. Na ukitaka kujua kama mmea ni mtego, wape majike mimea yote miwili ndani ya neti moja uone wanataga wapi. Wakipendelea ule unaoua watoto wao, tafadhali andika kwa undani, kwa sababu hali hiyo inaweza kupunguza nondo wa mahali bila mtu kujua sababu.

Kumaliza

Usiachie viwavi, mayai wala nondo mahali ambapo hukuwatoa. Lymantria dispar alipelekwa Marekani na mtu mmoja aliyewafuga nyumbani kwake Medford, Massachusetts, mwishoni mwa miaka ya 1860. Baadhi walitoroka, na viwavi wake sasa wanakula zaidi ya spishi 300 za miti na vichaka. Nondo Cactoblastis cactorum wa Argentina alisifiwa kwa haki Australia kuanzia 1926 kwa kula dungusi kakati vamizi. Akapelekwa pia visiwa vya Karibi mwaka 1957, na mwaka 1989 akaonekana Florida, akila dungusi ambazo huko ni za asili.

Mabaki ya majani, kinyesi na karatasi yamwagie maji yanayochemka kabla ya kuyatupa. Kugandisha hakutoshi kila mara, kwa sababu mayai ya nondo wa nchi za baridi huvumilia baridi kali. Bakiza nondo wawili au watatu wa kila kundi waliokaushwa, na tawi lenye majani lililobanwa kwenye karatasi. Kila kielelezo kiwe na lebo yenye spishi ya mmea, umri wa jani, tarehe ya yai, tarehe ya pupa, namba ya mama, na bahasha ya vile vichwa vitupu ikiwa imefungwa pembeni.